Gurudumu la Nairobi: Twende au Tusiende?

Na Mwanachama, Kidato cha Nne

Muhula huu Chama chetu cha Kiswahili kimepasuka vipande viwili, na kisa ni ziara ya mwaka. Kundi la kwanza linataka twende Nairobi tukapande lile gurudumu kubwa lililosimamishwa pale Two Rivers, kwenye jengo la maduka lililofunguliwa mwaka 2017 kando ya barabara ya Limuru. Kundi la pili linasema twende Kakapel, hapa hapa kwetu. Kamati imeomba kila mwenye maoni ayatoe kabla ya kura kupigwa. Yangu ni haya, na sitazunguka mbuyu: gurudumu lingoje, twende Kakapel.

Kabla hamjanizomea, hebu kwanza nilitendee haki gurudumu lenyewe. Mtambo wa aina hii si mchezo wa watoto. Ule uliovuma kwanza duniani ulijengwa na mhandisi Mmarekani, George Ferris, mjini Chicago mwaka 1893, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia. Wafaransa walikuwa wamesimamisha mnara wa Eiffel jijini Paris mwaka 1889, nao Wamarekani hawakutaka kuachwa nyuma. Ferris akaunda gurudumu la chuma lenye urefu wa mita 80 hivi, lenye vyumba 36, kila chumba kikiweza kubeba watu 60. London nako wakaja na lao la mita 135, ambalo umma ulianza kulipanda mwaka 2000. Mzunguko wake mmoja ni kama dakika 30. Kisha Dubai wakafungua la mita 250 mwaka 2021. Mnaona mwendo wenyewe? Kila mmoja anataka kumpita mwenzake kwa urefu. La Two Rivers ni dogo kuliko haya yote, lakini kwa mtu ambaye hajapanda kitu kirefu kuliko mwembe, ni kitu cha ajabu. Hilo nakubali.

Sasa tufanye hesabu, maana hata sisi watu wa Kiswahili hesabu kidogo tunaijua. Kutoka Malaba hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 400. Basi likiondoka jioni, alfajiri ndiyo mnafika, shingo zimepinda na miguu imevimba. Halafu mpange foleni, mpande, mzungushwe dakika chache, mshuke. Kisha kilomita nyingine 400 za kurudi. Ati hiyo ndiyo ziara ya masomo? Jamani!

Isitoshe, kuna suala la pesa. Mzazi wa hapa mpakani ni nani? Ni mama anayeuza omena na ndizi sokoni Busia. Ni baba anayeendesha bodaboda, au kijana wa kupakia mizigo kwenye malori Malaba. Watu hawa wakimaliza karo wanahema. Ziara ya mwaka jana ilikuwa ya mbali, na wenzetu kadhaa walibaki kwa sababu mchango haukupatikana. Tuliporudi tuliambiwa sote tuandike insha juu ya ziara. Wenzetu waliobaki waliandika nini? Mmoja aliandika juu ya mvua iliyonyesha bwenini siku hiyo. Insha ilikuwa nzuri, lakini niliposikia ikisomwa sikuweza kucheka kama wengine. Chama ni cha wote. Ziara inayomwacha mwanachama kwa sababu ya mfuko wa mzazi wake ni ziara ya nusu ya chama.

Najua kuna atakayeniuliza, "Wewe umewahi kuona mji kutoka juu?" Nimewahi. Mjomba wangu aliyeko Nairobi alinipandisha juu ya KICC, jengo la ghorofa 28 lililofunguliwa mwaka 1973. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Lakini mwanzoni nilikuwa naona mapaa tu, na magari yanatambaa kama siafu. Utamu ulianza mjomba aliponyoosha kidole: lile pale ni Bunge, kule ni stesheni ya reli, kule mbali ni Mbuga ya Wanyama. Hapo ndipo mji ukaanza kusema nami. Urefu peke yake ulikuwa umenipa umbali tu. Maana niliipata kwa yule aliyejua majina.

Huo basi ndio mzani ninaoutumia kupima mahali pa kutembelea: nani atatuonyesha, na tutarudi na nini mdomoni? Juu ya gurudumu la Two Rivers, nje kabisa ya katikati ya jiji, upande wa Ruaka, nani kati yetu atanyoosha kidole na kusema kile ni nini? Tutapiga picha, tutapiga kelele, basi.

Hebu sasa tuje Kakapel. Mahali hapa pako katika vilima vya Chelelemuk, Teso Kaskazini, kusini ya Mlima Elgon. Ni pango wazi chini ya mwamba mkubwa, na kwenye mwamba huo kuna michoro ya watu wa kale: miduara myekundu na myeupe, mmoja ndani ya mwingine, pamoja na picha za ng'ombe. Ile ya miduara wataalamu huihusisha na Watwa, wawindaji waliokaa sehemu hizi kabla ya babu zetu kufika. Michoro inayofanana nayo iko Nyero, wilaya ya Kumi, upande wa Uganda. Yaani waliochora hawakujua kitu kinachoitwa mpaka, wala hawakugongewa muhuri popote. Serikali iliifanya Kakapel kuwa turathi ya kitaifa mwaka 2004, na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya ndiyo yanayoitunza.

Na si michoro tu. Wataalamu wamechimba ardhi ya pango hilo na kuchekecha udongo wake, wakapata mbegu zilizoungua za vyakula vya zamani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Walipata kunde za miaka 2,300 iliyopita. Walipata punje nyingi za wimbi, za miaka 1,000 na zaidi. Walipata hata aina ya njegere, na mpaka leo wanajiuliza ilifikaje huku. Hebu fikirini! Mboga ya kunde tunayoinungunikia pale jikoni ina historia ndefu kuliko miji mingi mikubwa ya dunia. Uji wa wimbi wa asubuhi, na ile pombe ya wimbi ambayo wazee wa Kiteso hunywa kwa mirija mirefu (nimesema wazee, mwalimu!), mizizi yake iko kwenye udongo wa Kakapel.

Kundi la Nairobi lina hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Wanasema, "Sisi watoto wa mpakani tunadharauliwa. Tukikutana na wanafunzi wa Nairobi kwenye mashindano, wanatuuliza kama tumewahi kuona lifti. Tunataka na sisi tuwe na la kusimulia." Naisikia hoja hiyo, na inauma kwa sababu ni kweli. Lakini mtu anayekudharau kwa kukosa kupanda gurudumu hatakuheshimu ukilipanda. Atakuuliza la London je, na la Dubai je? Mashindano ya urefu hayana mwisho. Afadhali umwambie jambo asilolijua. Mwulize kama anajua kwamba neno bodaboda lilizaliwa hapa mpakani, kwa vijana waliokuwa wakivusha watu kwa baiskeli kutoka kituo cha Kenya hadi kile cha Uganda, wakiita "boda, boda!" Neno letu limetembea Afrika Mashariki yote na Nairobi wanalitumia kila siku. Gurudumu la baiskeli hiyo halikuzidi kimo cha kiuno, lakini limefika mbali.

Hata hivyo, nisiwadanganye wenzangu. Kakapel hakuna muziki, hakuna taa za rangi. Ukienda bila kujitayarisha utaona jiwe, urudi ukisema, "Ndiyo hiyo tu?" Mwamba haujitangazi. Kwa hivyo nikipendekeza Kakapel napendekeza na kazi yake. Kwanza, kila mwanachama amhoji mzee mmoja wa kwao juu ya kilimo cha wimbi na kunde zamani, kwa Kiteso, Kibukusu, Kisamia au lugha yoyote, kisha alete maelezo hayo kwa Kiswahili. Pili, tumwombe mhudumu wa pale atueleze michoro, nasi twende na maswali yaliyoandikwa. Tatu, tusiguse michoro wala kuandika majina yetu kwenye jiwe. Nne, zile pesa tutakazookoa kwa nauli zichapishe gazeti hili kurasa zaidi, ziwe na insha ya kila mwanachama, bila hata mmoja kuandika juu ya mvua ya bwenini.

Na gurudumu je? Silipigi marufuku. Siku ukiwa Nairobi kwa shughuli zako, una jioni tupu na pesa kidogo mfukoni, nenda ukapande. Kufurahi si dhambi. Ila uliza kwanza kama linazunguka siku hiyo. Lile la Dubai, pamoja na mita zake 250, lilifungwa mwezi wa Machi mwaka 2022, miezi michache tu baada ya kufunguliwa, na halikurudi kazini hadi Desemba 2024. Wageni waliofika siku hizo walilitazama kutoka chini kama sisi tunavyolitazama kwenye picha. Aliye juu mngoje chini, lakini la Dubai lilingojewa kupita kiasi.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu uko Chelelemuk, na wengi wetu tumekaa karibu nao miaka yote bila kuukanyaga. Walimu wetu wa Historia na Kilimo wakikubali kuandamana nasi, tutakuwa na watu wa kunyoosha kidole na kutaja majina. Kura ni Ijumaa baada ya masomo. Mimi nitainua mkono kwa Kakapel. Wewe je?