Viazi vya Guniani na Mas'ala ya Samadi



Mama zetu wa Bondeni wametuuliza: je, inafaa kuweka samadi ya mbuzi katika ua ule ule wanaoswalia na kuanikia nguo, ili wapande viazi katika magunia? Swali lina uzito wake. Molo na Mau Narok, kunakolimwa viazi kwa wingi, si mbali na hapa Nakuru, na bado zipo siku ambazo mama hununua viazi kwa kuvihesabu kimoja kimoja.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, samadi ni najisi, hata ya mnyama aliwaye. Hata hivyo, kurutubishia udongo kunajuzu, na zao lenyewe ni tohara. Kilichogusana na samadi huoshwa. Kwa hiyo magunia yatengwe na mahali pa kuswalia, na mikono ioshwe. Itumike samadi iliyooza vyema, ikawa nyeusi na isiyo na harufu, kwani mbichi huunguza mizizi.

Maji nayo yasiwe kisingizio. Maji yaliyokwisha kutawadhiwa hayatwaharishi tena, lakini yenyewe ni tohara. Yakingwe kwa beseni, yamwagiwe viazi.

Ama upandaji, ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini yatosha mbegu mbili. Gunia lachukua tatu au nne. Mbegu iwe kadiri ya yai, yenye machipukizi mafupi na manene. Aina ya Shangi, iliyoenea sana sokoni, huchipua upesi na kukomaa kwa muda wa miezi mitatu hivi. Tia udongo uliochanganywa na samadi hadi theluthi ya chombo, laza mbegu, ifunike kwa kina cha kiganja. Kila mashina yanaporefuka, ongeza udongo, ukiacha majani ya juu yapate jua. Wapo wanaodai kwamba gunia refu hujaa viazi toka chini hadi juu. Sisi hatuwaahidi hayo, kwani aina zikomaazo mapema huzaa zaidi karibu na mbegu.

Udongo huo haufuniki kwa ajili ya mazao tu. Kiazi kipigwacho na mwanga hugeuka kijani na kuwa na sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Majani na vitunda vyake pia ni sumu, basi watoto na mbuzi wazuiliwe.

Wengi wetu twashirikiana ua mmoja na bomba moja. Gunia lililowekwa njiani bila ya ridhaa ya jirani ni kumdhulumu, hata kama mwenye gunia ananuia kumgawia mavuno. Aombwe kwanza, na mwenye nyumba kadhalika.

Anayetaka viazi vyake vya katlesi za Ramadhani na apande mwanzoni mwa Mfungo Tisa. Majani yakigeuka manjano, apunguze maji, na mashina yakikauka angoje wiki mbili ngozi ikaze ndipo amwage gunia. Mche ukinyauka ghafla ilhali udongo una unyevu, ung'olewe pamoja na udongo wake na kutupwa mbali. Hata udongo uliotoa mavuno mema usipandwe tena viazi, nyanya, biringani wala pilipili msimu unaofuata, maana hizo ni jamaa moja na maradhi yao ni mamoja. Sukuma wiki au kunde zitastawi humo.