Ile Barua Si Faini

Barua ilikuja Jumanne, ndani ya bahasha yenye kidirisha, jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa kama la mshtakiwa. Pembeni kulikuwa na miraba ya njano na nyeusi. Ndani, picha mbili za gari langu kuukuu: moja linaingia kwenye maegesho ya duka kubwa saa 4:06 asubuhi, nyingine linatoka saa 11:48 jioni. Muda wa bure pale ni saa mbili. Nadaiwa pauni 100, lakini nikilipa ndani ya siku 14 watanipunguzia hadi 60.

Kabla sijafika jikoni nilikuwa nimeshaanza kutafuta kadi ya benki.

Sasa, mimi sikukaa pale saa saba na dakika 42. Hakuna binadamu anayenunua mchele kwa saa saba. Nilikwenda asubuhi, nikarudi nyumbani, nikashinda maktaba ya chuo, jioni nikapita tena kwa sababu nilisahau vitunguu. Kamera inayosoma namba za magari iliona nilivyoingia mara ya kwanza na nilivyotoka mara ya mwisho. Katikati haikuona kitu, na kampuni ikaniandikia bili ya kile ambacho kamera haikuona. Yote haya niliyajua. Risiti mbili zilikuwa kwenye simu. Na bado nilikuwa natafuta kadi. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kuliko kamera yenyewe.

Najua nilikojifunza. Nikiwa darasa la sita, mjomba aliegesha pikapu yake Kariakoo, kwenye uwanja wa mtu, akashusha mzigo wa dakika kumi. Tulipotoka dukani tulikuta tairi la mbele limefungwa mnyororo na vijana wawili wenye reflekta wameegemea boneti. Mjomba, ambaye nyumbani hakuna aliyethubutu kumjibu, aliongea nao kwa sauti ya kubembeleza ambayo sikuwahi kuisikia. Alilipa. Risiti hakupewa, wala hakuomba. Njiani akaniambia, lipa kwanza, kulalamika baadaye. Hiyo "baadaye" sikuwahi kuiona ikifika.

Nilipoiweka ile barua kwenye kundi letu la WhatsApp la wanafunzi wa Afrika Mashariki tulio huku Uingereza, majibu yalikuja kwa sauti ileile ya mjomba. "Lipa tu ndugu yangu." "Hawa hawana mchezo." "Utaharibu viza." Watu wenye shahada mbili, wanaoweza kuchambua bajeti ya nchi nzima, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la kwanza: aliyeandika barua hii ni nani?

Kwa sababu ile barua si faini. Halmashauri ya mji ikikukamata umeegesha vibaya barabarani, inakupa karatasi inayoitwa kwa kifupi PCN, na hiyo P ni ya penalty, adhabu iliyowekwa kwa mamlaka ya sheria. Kampuni binafsi inayosimamia maegesho ya duka nayo inatuma karatasi inayoitwa PCN, ila P yake ni ya parking tu. Herufi zilezile, miraba ya rangi zilezile. Kisheria hiyo ya pili ni madai ya mfanyabiashara anayesema mlikuwa na mkataba kupitia bango lililo juu ya nguzo, na wewe umeuvunja. Inawezekana ni kweli. Inawezekana si kweli. Lakini huo ni ugomvi wa watu wawili wenye hadhi sawa, na wewe unaruhusiwa kusema hapana.

Huku nako walikuwa wakifunga magari. Uskoti waliacha mapema: mwaka 1992 mahakama kuu ya jinai iliamua kwamba kufunga gari la mtu kwenye ardhi binafsi na kudai pesa ili ulifungue ni unyang'anyi na wizi. Neno ni wizi. Nilitamani mjomba alisikie. England na Wales walisubiri hadi Oktoba 2012, sheria ilipofanya kosa la jinai kufunga au kuvuta gari kwenye ardhi binafsi bila mamlaka ya kisheria. Watu walishangilia. Wachache walisoma kurasa za nyuma, ambako sheria hiyohiyo iliipa kampuni haki mpya: kama haijui nani alikuwa dereva, inaweza kumdai yule ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake, mradi ifuate masharti. Mnyororo ulichukuliwa, barua ikatolewa badala yake.

Anwani yangu waliipata wapi? Kwenye wakala wa serikali wa usajili wa magari, kwa pauni 2.50. Wakala anasema hiyo ni gharama tu ya kushughulikia ombi, hapati faida, na mimi sina sababu ya kubisha. Lakini katika mwaka wa fedha wa 2023/24 maombi ya namna hiyo yalizidi milioni 12. Siamini kwamba nchi hii ina watu milioni 12 wasiojua kusoma bango. Ninachoamini ni kwamba kuna biashara ambayo mtaji wake ni pauni mbili na nusu, stempu, na hofu ya anayefungua bahasha. Lile punguzo la siku 14 ni sehemu ya mtego huohuo: linakuuzia usingizi kwa pauni 60 kabla hujapata muda wa kufikiri.

Sitaki kudanganya mtu. Mwaka 2015 Barry Beavis, muuza samaki na chipsi, alifika mpaka Mahakama ya Juu akipinga pauni 85 kwa kuzidisha dakika 56, akashindwa. Majaji sita kati ya saba walisema kiasi kile si cha kupita kiasi, kwa kuwa mabango yalikuwa makubwa na wazi na mwenye eneo ana maslahi halali ya kutaka magari yapishane. Kwa hiyo wale wanaosema "chana tu, hawana meno" nao wananikera sawasawa na wale wa "lipa tu". Ukinyamaza na wakaenda mahakamani, hukumu ambayo hukuilipa ndani ya mwezi mmoja itakaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka sita. Si uhalifu, lakini mwenye nyumba wako mtarajiwa ataiona.

Serikali nayo ilijaribu. Februari 2022 ilitangaza kanuni ambazo zingeshusha tozo nyingi hadi pauni 50. Kampuni zikaenda kupinga kisheria, na kufikia Juni kanuni zikaondolewa. Wao, unaona, hawalipi kwanza na kulalamika baadaye.

Basi nikaandika. Mistari minane, risiti mbili, hakuna kuomba radhi. Hoja yangu ilikuwa moja: nilikuja mara mbili, onyesheni picha za katikati. Kama wangekataa ningekwenda kwenye chombo cha rufaa, ambacho kwa dereva ni bure na uamuzi wake unaibana kampuni peke yake. Hawakukataa. Wiki tatu baadaye ilikuja barua ya sentensi mbili kwamba dai limefutwa. Samahani haikuwemo.

Ningeishia hapo, nijisifu, kama isingekuwa dada ninayeishi naye nyumba moja. Anatoka Kisumu, kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani, na viza yake inategemea mwajiri. Kila asubuhi anaegesha chini ya ghorofa la mzee mmoja aliyepooza, anamuogesha, anamlisha, anaondoka. Familia ya mzee ilimpa kibali cha wageni cha kuweka nyuma ya kioo. Mara tatu kimedondoka sakafuni alipofunga mlango. Mara tatu wamemtumia barua. Mbili alilipa kimyakimya, pauni 120, akiogopa bosi asije akasikia kwamba "ana kesi". Mimi nilijua baada ya ya tatu, nilipoikuta imekunjwa chini ya kopo la majani ya chai.

Jumapili tulikaa mezani. Tulipiga picha kibali, tukaomba barua kutoka kwa binti wa mzee, tukahesabu tarehe, maana kama hawakubandika tiketi kwenye kioo, notisi kwa mwenye gari lazima ifike ndani ya siku 14, ama sivyo hawawezi kumdai kwa sababu tu gari ni lake. Hii yake ilifika siku ya 19. Akavuta kompyuta, akaandika sentensi ya kwanza, akanigeuzia kioo.

"Iko sawa hivi?"

Alikuwa ameandika kwamba anaomba msamaha sana kwa usumbufu alioisababishia kampuni.

"Futa hiyo, dada."

"Yote?"

"Yote. Anza na tarehe."