Kiwiko cha baba na fimbo ya gofu

Jumapili jioni baba anarudi kutoka uwanja wa gofu, na hata kufungua chupa ya maji kunamshinda. Kiwiko cha mkono wa kulia kinamuuma upande wa ndani. Mama anamchua. Wiki inayofuata anakwenda tena kucheza, anarudi na maumivu yaleyale.

Mara nyingi tatizo ni fimbo kuchimba ardhi kabla ya kugusa mpira. Ardhi kavu ya kiangazi haisogei, hivyo mshtuko unapanda hadi kwenye kano zilizojishikiza upande wa ndani wa kiwiko. Mchezaji anayechimba hivyo kwa kawaida ameacha uzito kwenye mguu wa nyuma, akihangaika kuunyanyua mpira. Hana haja. Uso wa fimbo namba 7 umelazwa takriban nyuzi 30, na mlalo huo ndio unaounyanyua. Yeye apige kuelekea chini.

Zoezi lake halihitaji hata mpira. Achore mstari mchangani, asimame mstari ukiwa katikati ya miguu, azungushe fimbo taratibu huku uzito ukihamia mguu wa mbele. Alama ya fimbo ianzie kwenye mstari au mbele yake. Ikianzia nyuma, uzito haujahama, na kuongeza nguvu hakusaidii kitu.

Ila kiwiko kinachouma kipumzishwe kwanza. Kidole cha mwisho na cha pete vikianza kufa ganzi, huenda mshipa wa fahamu umebanwa. Hapo dawa ya kuchua iwekwe kando, aende hospitali.