Kukopa Harusi, Kulipa Matanga



Kila ifikapo siku ya mshahara, makarani wengi huipokea hati yao kwa furaha, nao wakiisha kuisoma hadi mstari wa mwisho, furaha huwatoka. Kazi wameifanya mwezi mzima, lakini sehemu kubwa ya ujira imekwisha kwenda kwa waliowakopesha. Jambo hili latuhuzunisha, na twaona yatupasa kulisema waziwazi.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yakataza makato yote kuzidi theluthi mbili za mshahara. Maana yake, mwenye mshahara wa Shs. 30,000 sharti abakiwe na Shs. 10,000 kwa uchache. Mpaka huo uliwekwa ili kumkinga mfanyakazi. Haukuwekwa ili kila mtu aufikie. Lakini wako wenzetu ambao, deni moja likiisha, hutafuta jingine mara hiyo, kana kwamba kubakiwa na kitu ni hasara.

Mikopo ya simu nayo imeifanya njia kuwa nyepesi zaidi. M-Shwari ilipoanzishwa mwaka 2012, mkopo wa siku 30 ulitozwa ada ya 7.5 kwa mia. Shs. 75 katika Shs. 1,000 ni kitu kidogo machoni. Lakini mwenye kukopa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima atalipa ada ya Shs. 900, naye atakuwa ameizungusha elfu moja ile ile.

Hatuwalaumu waliokopa kwa ajili ya karo, ugonjwa, au kuwatunza wazee wao. Twasema juu ya makochi mapya, ilhali ya zamani yangalitengenezwa na seremala; juu ya simu iliyobadilishwa kwa kuwa jirani amebadilisha yake; juu ya sare iliyoshonwa kwa harusi moja, isivaliwe tena.

Wako watakaosema kwamba ubaya ni udogo wa mshahara. Ni kweli, na kuidai haki ni kazi ya chama. Walakini nyongeza itafaa nini, ikiwa imekwisha kuliwa kabla haijafika? Tena liko la kuogopwa zaidi. Karani aliyeishiwa tarehe 10 huketi mezani, na mbele yake yuko mwananchi mwenye shida, aliye tayari kutoa "chai" ili faili yake ipite. Mwenye kudaiwa huona vigumu kuikataa. Aliyeridhika na alicho nacho huikataa bila taabu, akalala usiku pasipo hofu.

Basi, ndugu zetu, mtu hujikuna ajipatapo. Ukikitamani kitu, ngoja hadi mshahara wa pili: haja ya kweli itakuwapo bado, na tamaa itakuwa imepoa. Kilichoharibika kipelekwe kwanza kwa fundi. Deni likiisha, fedha iliyokuwa ikikatwa na iwekwe katika chama cha akiba kwa miezi mitatu kabla ya kufikiri mkopo mwingine. Na wakubwa wa afisi watangulie, kwani vijana wanaoajiriwa hutazama wakubwa wao wanavyoishi, wakaiga.