Mwanga Huongeza, Rangi ya Kopo Hupunguza

Msafiri atokaye Voi kwenda Taveta hupita katika nchi ya udongo mwekundu. Vumbi lake hushika nguo na kuta za nyumba. Hata ndovu wa Tsavo, ambao kwa asili ni wa kijivu, hujigaragaza humo mpaka wageni wakadhani ni ndovu wa namna nyingine. Kabla ya kufika Taveta kuna kilima cha Salaita, kilichopiganiwa tarehe 12 Februari 1916, na reli ya njia hiyo ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo. Udongo na reli vyatosha kueleza jambo linalowasumbua wanafunzi wengi, yaani namna rangi zinavyochanganyika.

Udongo ule una kutu ya chuma. Mwanga wa jua nao ni mkusanyiko wa rangi zote za upinde wa mvua, kama alivyoonyesha Isaac Newton wa Uingereza katika maandishi yake ya mwaka 1672. Mwanga ukiuangukia udongo, kutu humeza buluu na sehemu kubwa ya kijani, na nyekundu ndiyo irudiyo machoni. Rangi za kopo na za kitambaa ni vivyo hivyo: kila moja ni mwizi mwenye mali aipendayo.

Ndiyo maana fundi achanganyaye rangi ya manjano na ya buluu hupata kijani. Ya manjano humeza buluu, na ya buluu humeza nyekundu. Kijani peke yake huwaponyoka wezi wote wawili. Lakini achanganyaye nyekundu na kijani hupata rangi ya tope, kwa kuwa mali karibu yote imekwisha kuibwa.

Watu wa reli walilijua jambo hili vizuri. Zamani, katika reli zilizofuata desturi za Kiingereza, taa za ishara ziliwashwa kwa mafuta, na mwali wa mafuta ni wa manjano. Kioo cha ishara ya kuruhusu gari kupita hakikuwa kijani halisi, bali kilielekea buluu. Usiku mwali ulipopita ndani yake, kioo kilimeza wekundu na umanjano. Na kwa kuwa mwali wenyewe una buluu kidogo sana, dereva aliona kijani. Hilo halikuwa jambo la mchezo, maana dereva alikuwa amechukua roho za watu, wala gizani hakuwa na shahidi mwingine ila taa ile. Taa ya umeme yenye mwanga mweupe ikiwekwa nyuma ya kioo hicho hicho, ishara huelekea buluu, na kioo sharti kibadilishwe.

Mwanga ukichanganywa na mwanga, hakuna kimezwacho. Kurunzi mbili, moja yenye mwanga mwekundu na moja wa kijani, zikimulika pahali pamoja juu ya ukuta mweupe, ukuta huonekana wa manjano. Mtoto asemaye hivyo darasani asichekwe, ingawa kopo zake za rangi zamkanusha. Jicho lina aina tatu za chembe za kupokea rangi. Zile zipokeazo nyekundu na zile zipokeazo kijani zikiamshwa pamoja, akili husoma manjano.

James Clerk Maxwell, Mskoti, alipima mambo haya mwaka 1855 kwa pia. Asiye na kurunzi na aige: akate kadi ya mviringo, nusu aipake manjano na nusu buluu, atoboe katikati, atie kijiti, kisha aizungushe juani kwa kasi. Hataona kijani hata kidogo. Ataona kijivu, kwa kuwa rangi zile hazikukutana kadini, zimekutana jichoni.

Na mwenye simu ya mkononi anaweza kudondosha tone dogo sana la maji juu ya picha ya ndizi mbivu. Tone litakuza vinukta vya kioo, naye ataona vyekundu na vya kijani viking'aa sana. Cha manjano hatakipata hata kimoja.