Mtoto Ahamapo, Ahame na Udongo Wake

Kila mkulima wa Kimulot ajua jinsi ya kuhamisha mche wa chai. Kipande cha shina chenye jani moja na jicho lake hupandwa katika mfuko mdogo uliojazwa udongo, kikatiwa maji na kuwekwa kivulini. Baada ya miezi mingi, mizizi ikiisha kushikamana na udongo, kivuli hupunguzwa kidogo kidogo ili mche uzoee jua. Mvua zikianza, mche hupelekwa shambani, mfuko hupasuliwa kwa uangalifu, nao hushushwa shimoni pamoja na bonge la udongo wake. Mtu asiye na subira, aung'oaye mche na kuikung'uta mizizi yake, asimlaumu mwingine mche ukikauka. Haya wayajua hata watoto. Walakini ni wazazi wangapi ambao, wakihama, hukumbuka ya kuwa mtoto naye ana mizizi, na mizizi hiyo ina udongo wake?

Kimulot ni wadi ya Konoin katika Kaunti ya Bomet, karibu na msitu wa Mau. Ni nchi ya vilima, mvua nyingi na baridi ya alfajiri. Mashamba ya wakulima wadogo, wanaopeleka majani mabichi katika vituo vya kununulia chai, ni majirani wa mashamba makubwa ya makampuni. Mgeni apitaye barabarani huona majani ya kijani yaliyokatwa sawasawa kama zulia, akadhani kwamba watu wa nchi hii nao wamekaa mahali pamoja tangu zamani. Sivyo. Makampuni ya chai yalipoingia Kericho katika miaka ya 1920, watu waliondolewa katika ardhi yao, na wengine wakaletwa kutoka mbali kuja kufanya kazi. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Walaibon wa ukoo wa Talai, ikawapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, wazee kwa watoto. Watoto waliokulia huko hawakuchagua kuhama. Walibebwa tu na mambo ya wakubwa.

Siku hizi kuhama kuna sababu nyingine nyingi. Mchuma chai hufuata kazi inapopatikana, akatoka kambi moja akaenda nyingine. Mwalimu, askari na karani hupewa barua ya uhamisho, wakatakiwa kuripoti kituo kipya kabla mtoto hajamaliza muhula. Mjane hurudi kwa wazazi wake. Mkulima huuza kishamba chake akanunua kikubwa zaidi mbali. Tena mashine za kuchuma chai zimepunguza kazi ya mikono katika mashamba makubwa, jambo lililoleta uchungu mwingi hata mashine kadhaa zikachomwa moto Kericho mwezi wa Mei 2023. Baba akikosa kazi, nyumba ya kampuni nayo huondoka, na mtoto huamka asubuhi akaona godoro lake limekwisha fungwa kamba.

Na achukuliwe mfano wa mvulana wa miaka kumi, wa darasa la nne, ambaye wazazi wake wametoka upande wa Kisii wakaja kufanya kazi katika shamba la chai karibu na Kimulot. Wamehama katikati ya muhula wa pili. Lori lilikuwa limejaa, basi mama akakitupa kile alichokiona ni takataka: gari la waya lenye magurudumu ya ndala kuukuu, ambalo mvulana alilitengeneza kwa muda wa wiki tatu. Hakuna aliyemwuliza. Sufuria zilipata nafasi, kuku walipata nafasi, gari la waya halikupata.

Siku ya kwanza shuleni anakalishwa dawati la nyuma. Darasani mwalimu asema Kiswahili na Kiingereza, naye aelewa. Lakini kengele ya mapumziko ikilia, wenzake watoka nje wakisema Kipsigis, na yeye husimama karibu na ukuta akijifanya kwamba afunga kamba za viatu. Katika shule aliyotoka alikuwa mlinda mlango mashuhuri. Hapa hakuna ajuaye hayo, na timu zimekwisha gawanywa. Baada ya mwezi mmoja alama zake za hesabu zashuka. Ripoti yaandikwa kwamba ni mvivu. Baba, aliyechoka kwa kazi ya kutwa, achukua fimbo.

Je, mtoto huyu ni mvivu? Hapana, mtoto huyu amefiwa. Hakufiwa na mtu, bali amepotewa na rafiki aliyekuwa akienda naye shule kila siku, na sifa yake uwanjani, na kazi ya mikono yake. Mtu mzima akipotewa na mambo matatu namna hiyo kwa siku moja, majirani huja kumpa pole. Mtoto hupewa fimbo.

Dawa ya mtoto kama huyu mara nyingi ni jambo dogo. Huenda siku moja kijana mwenzake akaja shuleni na gari la waya lililovunjika usukani, na mgeni, bila kusema neno, akalichukua, akalipinda waya, akalirudisha likiwa zima. Hapo maneno huanza. Kwanza husemwa kwa Kiswahili, maana Kiswahili ndicho lugha ya uwanja pale watoto wa Kipsigis, Kisii, Kijaluo na Kiluhya wanapokutana. Kisha neno moja la Kipsigis, kisha la pili. Wiki ijayo yule mwenzake amwita golini. Alama za hesabu nazo hupanda, ijapokuwa hakuna aliyemfundisha hesabu zaidi ya zamani. Akili ya mtoto haikuwa imepotea. Ilikuwa ikingoja mtu wa kukaa naye.

Yuko mtu mmoja mashuhuri wa Kenya ambaye maisha yake ya utotoni yaonyesha jambo hili vizuri. Profesa Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940. Mwaka 1943, angali mdogo sana, familia yake ilihamia karibu na Nakuru, ambako baba yake alifanya kazi katika shamba la mzungu. Shambani pale hapakuwa na shule. Mwaka 1947 alirudi Ihithe pamoja na mama yake, kwa kuwa kaka zake walikuwa wakisoma huko. Ndipo kaka yake mmoja, Nderitu, alipomwuliza mama kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama angeweza kujibu kwamba kazi za nyumbani zamhitaji binti. Wengi wa wakati ule walijibu hivyo. Yeye alikubali. Swali moja la ndugu na jibu moja la mama vilifungua mlango.

Na huyo mtoto alikuwa na mchezo wake. Alipotumwa maji, alicheza kijitoni chini ya majani ya nduma, akijaribu kuyaokota mayai ya chura akidhani kuwa ni shanga; nayo yalimponyoka vidoleni kila mara. Mama mwingine angesema binti huyu apoteza wakati. Walakini mchezo ule haukumtoka moyoni. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja alihamia bweni la St. Cecilia, katika misheni ya Mathari. Kisha akaenda Loreto, Limuru. Mwaka 1960 akasafiri kwenda Marekani, akasoma elimu ya viumbe. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti iliyojulikana kwa jina la Green Belt Movement, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Katika hotuba yake ya kuipokea tuzo hiyo, alikitaja kile kijito na yale mayai ya chura, akasikitika kwamba kijito kilikuwa kimekauka. Alihama mara nyingi, lakini udongo wa Ihithe haukumtoka mizizini.

Wako pia wana wa nchi hii ya chai ambao mchezo uliwafikisha mbali. Wilson Kiprugut Chuma, mzaliwa wa Kericho, alipata nishani ya shaba katika mbio za mita 800 huko Tokyo mwaka 1964; hiyo ilikuwa nishani ya kwanza ya Kenya katika michezo ya Olimpiki. Miaka minne baadaye, huko Mexico, alipata ya fedha katika mbio zizo hizo. Hapana budi kusema wazi kwamba si kila mtoto akimbiaye kwenda shule atapata nishani, na mzazi asimlazimishe mtoto kwa tamaa ya fedha. Lakini mbio ni mchezo usiohitaji nafasi katika lori. Mtoto aupendaye huenda nao popote, na shule yoyote atakayofika atawakuta wenzake wa kukimbia nao.

Urafiki wa watoto si jambo dogo hata kwa amani ya nchi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilipoenea, wafanyakazi wengi wa makabila mengine walikimbia mashamba ya chai ya Kericho. Shule zilipofunguliwa mwaka 2008, madawati mengi yalikuwa hayana wenyewe. Watoto waliobaki walijua ni nani aliyekuwa akikaa pale. Walijua mchezo aliopenda na wimbo alioimba vibaya. Mtu aliyekua na rafiki wa kabila jingine, wakagawana kiazi kimoja mapumzikoni, hawezi kuambiwa kwa urahisi kwamba watu wote wa kabila lile ni adui. Huenda akaogopa, huenda akanyamaza, lakini moyoni ana shahidi mmoja wa kupinga uwongo huo.

Wazee wa Kipsigis walilijua jambo la rika kabla ya shule kuja. Kila mwanamume huingia katika ibinda lake, yaani rika lenye jina, na wale waliotiwa jandoni pamoja hubaki ndugu hata uzeeni. Mtu akihamia mbali, akifika penye watu wa rika lake si mgeni tena. Wazee walifahamu kwamba haifai mtu kuvuka kutoka utoto hadi utu uzima peke yake. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi ile yafanywa na shule, ambamo watoto wa kabila mbalimbali huvuka pamoja. Kwa hiyo mwalimu ampokeaye mtoto mgeni hafanyi kazi ya kuandika jina katika daftari tu. Amwingiza mtoto katika rika.

Basi yafaa wazazi na walimu wafanye nini? Kwanza, mtoto aambiwe mapema kwamba watahama, na sababu yake. Mche hupunguziwa kivuli kidogo kidogo. Hautupwi juani kwa siku moja. Pili, ikiwezekana, uhamisho ungoje mwisho wa muhula, na barua ya shule ichukuliwe kabla lori halijaja, si baada ya mwezi. Tangu mwaka 2003 shule za msingi za serikali hazitozi karo ya masomo, kwa hiyo kukosa karo si sababu ya mtoto kukaa nyumbani akingoja baba atulie kazini.

Tatu, mtoto aulizwe ni kitu gani kimoja atakachobeba. Kiwe ni gari la waya, mpira wa matambara, kitabu chenye jalada lililochanika au kopo la mbegu, kipewe nafasi mzigoni. Nne, apewe ruhusa ya kuwaaga rafiki zake, na akitaka kuwapelekea salamu, mzazi amwazime simu yake kwa dakika chache. Urafiki wa utotoni hufa upesi usipotiliwa maji, lakini ukitiliwa maji huishi miaka mingi.

Tano, mwalimu amtafutie mgeni mwenzi mmoja wa kukaa naye dawati moja na kumwonyesha kisima, choo na uwanja. Mmoja atosha, huyo mmoja atawaleta wengine. Tena mwalimu amwulize mgeni mbele ya darasa, si ametoka wapi tu, bali ajua kufanya nini. Na sita, alama zikishuka katika muhula wa kwanza baada ya kuhama, baba aiweke fimbo chini aulize kwanza: mtoto huyu hucheza na nani? Kama jibu ni kwamba hana wa kucheza naye, hapo ndipo pa kuanzia, si kwenye hesabu.

Waswahili husema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wakulima wa Kimulot waweza kuongeza kwamba mche uupandavyo ndivyo uutavyouchuma, nao huchumwa miaka mingi sana baada ya aliyeupanda kusahau siku ile ya mvua. Kuhama hakumwui mtoto. Wengi waliohama wamekuwa watu wenye lugha tatu, rafiki katika wilaya nyingi, na moyo usioogopa wageni. Lori lipakiwe, safari iwepo. Ila kabla kamba haijafungwa, mzazi na atazame chini, akaone ni nini kilichobaki uani, na ni nani anayekitazama.