Wakili ni pesa ngapi? Uliza ni za mpaka wapi

Msee wa nduthi akishikwa Kitengela Ijumaa jioni, kitu cha kwanza kuundwa ni grupu ya WhatsApp ya mchango. Shangazi anatuma mia tano, mabeshte wa steji wanatuma mia mia. Jumatatu pesa zote zimeenda kwa wakili, na hakuna aliyeuliza zinalipia nini.

Hapo ndipo tunachomeka. Ada ya wakili wa jinai si bei ya sukari. Kuna anayetoza kila siku ya kufika kortini, kuna wa kesi nzima, na kuna aliyelipwa kuomba dhamana tu. Sasa kesi itajwe, iahirishwe kwa sababu shahidi hakufika, itajwe tena. Kama ofisi ya wakili iko Nairobi, safari za Kajiado mjini nazo zinaingia kwa bili. Kwa hivyo iandikwe, risiti itoke, na kabla ya kutuma M-Pesa jina lake litafutwe kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK. Tai na faili si leseni.

Halafu tusichanganye mambo: bondi ya polisi ni bure. Dhamana ya pesa taslimu ina risiti, na hurudishwa kesi ikiisha kama mshtakiwa hakutoroka. Hizo si ada za wakili.

Lakini shida yangu kubwa ni na serikali. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinasema mshtakiwa apewe wakili kwa gharama ya serikali iwapo bila wakili atadhulumika pakubwa, na aambiwe haki hiyo mapema. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inaiagiza korti imwambie. Kwa kesi za mauaji, wakili hutolewa. Wizi wa kimabavu je? Adhabu iliyo kwenye sheria ni kifo pia, lakini vijana wanasimama kizimbani peke yao wakimhoji afisa wa polisi aliyezoea korti. Kwenye kesi ya Karisa Chengo, 2017, Mahakama ya Juu ilisema haki hii haiji yenyewe. Uzito wa shtaka na ugumu wa kesi hupimwa. Sawa, lakini ipimwe kweli, na jibu liwe kwenye faili.

Kazi ya wakili tuliiona hapa hapa. Agosti 2024 Bob Njagi na ndugu wawili wa Longton walitekwa Kitengela. LSK ikaenda kortini, jaji akampata kaimu Inspekta Jenerali na hatia ya kudharau mahakama, na watatu hao wakaachiliwa Septemba. Ila kijana wa Noonkopir aliyeshikwa usiku hatrendi popote.

Yeye, siku ya kusomewa shtaka, kabla hajajibu ndiyo au la, amwambie hakimu kwa Kiswahili: "Mheshimiwa, sina pesa za wakili, naomba wakili wa serikali." Na aombe maneno hayo yaandikwe.